Zamu ya Usukani

Mashua ikishagusa mchanga wa Kojani, hapa Pemba, unahodha umekwisha. Nimeliona hilo tangu utotoni na mpaka leo linanishangaza. Muda mfupi kabla, kule nje kwenye mwamba, neno la nahodha lilikuwa sheria. Akisema punguza mashine, inapunguzwa. Akisema fua maji, aliyekuwa na tonge mkononi huliacha. Kisha mkuku unakwaruza mchanga, nahodha anaruka majini pamoja na wenzake, anaweka bega ubavuni mwa chombo, na kijana wa miaka kumi na sita anamwambia, "Ami, sogea kidogo huko." Naye anasogea. Samaki wakigawiwa, kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mashine na mafungu ya watu. Yeye anachukua lake, anapanda njia ya mchanga kati ya nyumba zilizobanana, na jioni msikitini anakaa safu yoyote atakayoikuta ina nafasi.

Hakuna aliyempindua. Hakuna hata aliyemshukuru. Madaraka yake yalikuwa makubwa kuliko ya waziri yeyote, maana roho za watu zilikuwa mkononi mwake, na bado yalikuwa na mwisho ambao kila mtu chomboni aliujua tangu wakati wa kushua.

Naandika haya nikimfikiria Abeid Amani Karume, kwa kuwa rais wa kwanza wa Zanzibar naye alikuwa mtu wa bahari. Alizaliwa mwaka 1905, akafanya kazi melini ujanani, akaziona bandari za dunia, kisha akarudi Unguja na kuongoza chama cha wenye motaboti waliokuwa wakiwavusha abiria baina ya meli na gati. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Alichokuwa nacho ni kuwajua watu wa kazi na kujulikana nao, na mwaka 1957, Afro-Shirazi Party ilipoundwa, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wake. Mwaka huohuo alimshinda Ali Muhsin Barwani wa chama cha ZNP katika jimbo la Ng'ambo.

Dhuluma iliyomsukuma ilikuwa ya kweli. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama chake kilipata zaidi ya nusu ya kura, kama asilimia 54, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP, vilivyokuwa vimeungana, vikabaki na serikali, uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, na Mohammed Shamte, mtu wa hapa Pemba, akabaki kuwa waziri mkuu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ile ilikuwa imeanguka kwa mapinduzi na Karume akawa rais.

Sitaki kumpunja. Ardhi iligawiwa wakulima eka tatu tatu. Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure, na mtoto wa mchukuzi akaingia darasa ambalo baba yake alikuwa akilipita tu nje. Majumba ya Michenzani yapo, yanakaliwa. Lakini mimi ni wa upande wa huku, na huku Pemba wazee wakifika kwenye miaka ile hushusha sauti. Wanasimulia bakora zilizochapwa hadharani. Wanasimulia njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati chakula kutoka nje kilipozuiliwa ili nchi ijitegemee, na mchele ukawa kitu cha kunong'ona. Na katika muda wote huo hapakuwa na siku iliyowekwa ya kumuuliza mwananchi kama anataka kuendelea na rais huyu au la. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa kwa risasi pale Kisiwandui, makao makuu ya chama, akiwa anacheza bao. Uchaguzi wa rais wa Zanzibar ulikuja mwaka 1980.

Pemba tuna kumbukumbu ndefu ya utawala usio na mwisho. Magofu ya Pujini bado yapo, na watu bado wanamsimulia Mkama Ndume, mtawala aliyewalazimisha watu kubeba mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Jina lenyewe linatosha: anayewakama wanaume kama ng'ombe. Simlinganishi Karume naye. Ninachosema ni kwamba Mpemba hahitaji kufunzwa na msomi yeyote kuogopa mkono usiojua kuachia.

Basi baharia aliyeishi miaka mingi katika kazi yenye mwisho aliwezaje kuongoza nchi bila kuiwekea mwisho kazi yake? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na nadhani sehemu ya jibu imo katika maneno tunayoyatumia. Tunasema rais ni nahodha na nchi ni jahazi. Tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Tukishayasema hayo tumekwisha kumpa ruhusa ya kutoondoka, kwa sababu chombo hufika, nchi haifiki. Kila mwaka kuna adui, kuna njaa, kuna mradi haujakamilika. Na nani mwenye akili atakayemwambia nahodha aachie usukani katikati ya mkondo? Anayetawala hahitaji kuwa mbaya ili aiamini hoja hiyo. Anahitaji tu kutazama mbele na asione pwani.

Wamarekani nao walikutana na jambo hili, katikati ya karne iliyopita. Franklin Roosevelt alichaguliwa mara nne, akafariki akiwa madarakani tarehe 12 Aprili 1945. Makamu wake, Harry Truman, alikuwa na siku 82 tu katika nafasi hiyo: mtu wa Missouri, aliyewahi kulima na kufungua duka la nguo za kiume lililomfia mikononi. Kabla ya miezi minne kutimia, kwa idhini yake, Hiroshima iliteketea kwa bomu la atomiki. Simtaji kwa kuwa namwona mwema. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Namtaja kwa ajili ya tarehe moja. Mwaka 1951 katiba yao ilibadilishwa ili mtu asichaguliwe kuwa rais zaidi ya mara mbili, na badiliko lenyewe lilimsamehe yeye aliyekuwapo. Hakugombea tena hata hivyo. Tarehe 20 Januari 1953 alimkabidhi Dwight Eisenhower, mtu ambaye wakati ule hakuwa akipatana naye, akapanda treni kurudi mji wake wa Independence. Vita vya Korea vilikuwa vinaendelea. Vilisimama Julai.

Hapo katikati ya vita ndipo ninaposimama kila nikiisoma habari hii. Mkondo ulikuwa mkali, pwani haikuonekana, na usukani ukabadilishwa mkono kwa sababu siku ilikuwa imefika.

Na jambo hilo Karume hakuwa mgeni nalo. Kwenye meli za safari ndefu usukani haushikwi na mtu mmoja mpaka bandarini. Unashikwa kwa zamu. Saa zake zikiisha, anayeondoka hutamka nyuzi za dira anazozifuata, anayeingia huzirudia kwa sauti, mikono inapokezana, basi. Bahari ikiwa shwari wanapokezana, ikichafuka wanapokezana. Saa ndiyo inayoamua. Mshika usukani akisema hali ni mbaya mno leo, niacheni niendelee, ataambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kumwekea mtu ambaye hajachoka.

Msomaji makini ataniuliza: na nahodha je? Melini nahodha habadilishwi kwa zamu. Kweli. Kosa letu naliona papo hapo. Tumempa rais cheo kisichokuwa chake. Chombo ni cha wananchi, na njia ya kupita imewekwa na katiba waliyokubaliana. Rais ni mshika usukani wa saa zake. Anahitaji ustadi, anahitaji kutiiwa wakati ameshika, lakini hawezi kuufanya uzima wa chombo na mikono yake kuwa kitu kimoja.

Zanzibar iliandika katika katiba ya 1984 kwamba rais ana vipindi viwili vya miaka mitano. Maneno ya kumwongezea Dk. Salmin Amour, rais wa wakati ule, kipindi cha tatu yalipotokea mwaka 2000, hayakupita, na hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Lakini kuandika saa ya kuachia ni sehemu moja. Sehemu nyingine ni kukubaliana ni nani anayepokea, na hapo damu imemwagika. Januari 2001, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, watu waliuawa kwa risasi hapa Pemba katika maandamano, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Walivuka kwa vyombo, wakiwa na watoto. Bahari tunayokwendea dago, kuvua kwa kupiga kambi mbali na kwetu, kutafuta riziki ikawa njia ya kuikimbia nchi.

Niliwahi kurudi na watu wa dago kutoka Tanga, usiku, kusi imelegea. Tulipokuwa katikati ya mkondo nahodha alimwita kijana wake, mtoto wa dada yake, ambaye hakuwa amewahi kushika usukani usiku. Hakumpa hotuba. Alimwonyesha nyota iliyokuwa chini mbele yetu, akamwambia ikipanda sana aiache, ashike inayofuata. Akamwambia mawimbi yanapiga wapi ubavuni, na kwamba yakihama ajue amepotoka. Kijana akayarudia maneno yote mawili. "Haya, mjomba." Mzee akaenda kujinyoosha juu ya nyavu, akajifunika shuka mpaka kichwani, akageukia upande wa pili.

Nilidhani anajifanya amelala. Nikasogea karibu, na kweli alikuwa akikoroma.

Kijana alisimama magoti yakimtetemeka. Aliiacha nyota ya kwanza, akashika ya pili, na baadaye sana akashika ya tatu. Taa ya Kigomasha ilipoanza kuonekana hakumwamsha mtu. Aliusogeza usukani kidogo, akaiweka kuliani.