Je, Maskini Ana Haki ya Kupenda Kiatu?

Mwaka 2023, alasiri moja, mgeni mwenye daftari alifika nyumbani kwetu Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za maisha: mko wangapi, mnalima wapi, nani ana kazi. Alimsalimu mama kwa heshima, kisha akanigeukia mimi. Hakuanza kunitazama usoni, alianza miguuni. "Hivyo viatu ulivipata wapi?" Nikamjibu kwamba nilivinunua Mbarara, kwenye mivumba, kwa shilingi 45,000. Akatabasamu kama mtu asiyesadiki, akaandika kitu.

Swali lake lilikuwa fupi, lakini lilibeba swali jingine tumboni: je, mtu anayepokea posho anaruhusiwa kupenda kitu kizuri? Nimeishi na swali hilo tangu siku ile, na katika insha hii nataka kulijibu. Nitatumia mifano ya viatu na kapelo. Najua wapo watakaosema kwamba hayo si mambo ya falsafa. Naomba wanivumilie.

Kwanza nieleze viatu vyenyewe. Vilikuwa Air Jordan 4, vyeupe vyenye madoadoa ya kijivu na nyeusi. Mtindo huo ulibuniwa na Tinker Hatfield na ukaanza kuuzwa mwaka 1989. Mwaka huohuo Spike Lee alitoa filamu ya Do the Right Thing, ambamo kijana mmoja wa Brooklyn anataka kupigana kwa sababu mtu mwenye baiskeli amemchafulia viatu vyake vipya vya aina hiyo. Nilipoitazama sehemu hiyo nilicheka sana, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na mswaki wa zamani wa kuvisugua vyangu vumbi la Nakivale lilipovishika. Tangu wakati ule kampuni imekuwa ikivirudisha sokoni kwa vipindi, mara nyingi kwa jozi chache kuliko watu wanaovitaka. Watu hupanga foleni, au hujiandikisha kwenye simu na kungoja kama wanaocheza bahati nasibu. Jozi mpya hufika zaidi ya dola 200.

Mimi sikupanga foleni. Likizo nzima nilikuwa nimepukuchua mahindi ya watu, nikaenda Mbarara kununua suruali ya shule. Muuzaji alikuwa ndiyo kwanza amefungua robota, viatu vimefungwa kamba kwa kamba ili jozi zisipotezane. Nilivivuta vile kutoka chini ya rundo, nikavijaribu, vikanienea. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika kidogo upande wa nje, maana yake mwenyewe wa kwanza, popote alipo, alikuwa akitembea kama mimi. Suruali sikununua. Mama alinigombeza siku mbili.

Baba hakunigombeza. Yeye alikuwa mwalimu kule Uvira, na alifika Nakivale na jozi moja ya viatu vya ngozi iliyopasuka pembeni. Kila Jumapili alivipaka rangi, mpasuko na vyote. Sisi watu wa Kongo tunatajwa sana kwa kupenda mavazi. Kuna wasape wa Kinshasa na Brazzaville, na marehemu Papa Wemba aliueneza mtindo huo duniani. Lakini baba hakuwa msape. Alisema tu kwamba mtu asiyejitunza huwapa wengine ruhusa ya kutomtunza.

Sasa turudi kwa yule mgeni. Mwaka huo misaada ya chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ilipungua, na familia zikagawanywa katika makundi matatu. Kundi la wenye shida zaidi lilibaki na posho kubwa kuliko mengine, la kati likapata kidogo, na la wanaohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea likaondolewa. Ndiyo maana kila kitu kilichoonekana nyumbani kiligeuka kuwa ushahidi. Aliyekuwa na redio aliificha. Safari iliyofuata tulipoitwa kuhakikiwa, mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Leo vaa sapatu, mwanangu." Nikavaa sapatu. Nyumba yetu ikaangukia kundi la kati. Sisemi ni kwa sababu ya viatu. Sijui, na huenda si hivyo. Ninachojua ni kwamba nilitembea kwenda kwenye foleni ile nikihisi kwamba miguu yangu inasema uongo.

Je, ulikuwa uongo? Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Sapatu zilikuwa zangu, na kila tulichoulizwa tulijibu kweli. Lakini uongo si wa ulimi peke yake. Nilivaa ili mtu aone ninachojua kwamba si picha kamili. Kwa hiyo sijisafishi. Hata hivyo, mtu anayepima njaa kwa kutazama viatu naye ana sehemu yake katika uongo huo, kwa sababu amewafundisha watu kwamba ukweli wao hautoshi mpaka wauvae.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kirundi ninayemheshimu sana, aliniambia waziwazi maoni mengine. "Posho haitoshi," alisema. "Mwenye viatu vile ampishe asiye na kitu." Hoja hii si ya wivu, ni hoja ya haki, na inastahili jibu. Kama chakula ni kidogo, ni lazima kiende kwa mwenye njaa zaidi. Nakubali kabisa. Ninachokataa ni kipimo. Mivumba imevunja uhusiano kati ya sura na mfuko. Kiatu kilichouzwa dola 200 huko kwao kinafika Mbarara ndani ya robota, na mtoto aliyepukuchua mahindi anaweza kukinunua. Shati la benki linavaliwa na mchimba visima. Anayetaka kujua hali ya nyumba yetu angeuliza tunakula mara ngapi kwa siku. Hilo viatu haviwezi kumwambia.

Lakini tuseme kipimo kingekuwa sahihi. Bado swali lingebaki: hata kama naweza kukipata, je, ni vizuri nikipende?

Mwanafalsafa Epictetus angesema nijihadhari. Yeye alikuwa mtumwa kabla ya kuwa huru, na baadaye alifukuzwa Roma pamoja na wanafalsafa wengine katika enzi ya mfalme Domitian, akaenda kuishi Nicopolis, Ugiriki. Kwa hiyo hakuwa tajiri anayewashauri maskini watosheke. Alifundisha kwamba mwili ndio kipimo cha mali kama mguu ulivyo kipimo cha kiatu. Ukishavuka mahitaji ya mguu, utataka kiatu cha dhahabu, kisha cha zambarau, kisha kilichotariziwa, na hakuna pa kusimama. Niliposoma hayo niliona aibu, kwa sababu aliongea juu ya viatu kana kwamba ananifahamu.

Adam Smith alinipa upande wa pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, aliandika kwamba viatu vya ngozi vilikuwa hitaji la lazima nchini Uingereza, si kwa sababu mguu hauwezi kuishi bila ngozi, bali kwa sababu hata maskini mwenye heshima zake angeona aibu kuonekana mbele za watu bila viatu hivyo. Akaongeza kwamba Ufaransa mambo hayakuwa hivyo: huko maskini angeweza kwenda peku bila kudharauliwa. Maana yake hitaji halipimwi kwa mguu tu. Hupimwa pia kwa macho ya watu ambao mtu anaishi nao. Epictetus alipima mguu ulio peke yake. Smith alipima mguu ulio njiani, unaokutana na wengine.

Mimi nadhani wote wawili walisahau jambo moja, na nililijua viatu vyangu vilipokufa.

Nilikuwa nimeanza chuo hapa Mbarara. Asubuhi ya mtihani, nikishuka kwenye taksi, nilihisi kisigino kinazama. Nilipotazama, soli ilikuwa inameguka kama mkate mkavu. Fundi wa viatu anayekaa chini ya mti karibu na stendi aliigusa kwa kidole akatikisa kichwa. "Hiki kimekufa kwa ndani," aliniambia. "Gundi haiwezi kumshika aliyekufa." Baadaye nilisoma sababu yake. Sehemu ya kati ya soli hizo hutengenezwa kwa povu la poliyurethani, na unyevu wa hewa hulivunja polepole mwaka baada ya mwaka. Hata kiatu kisichovaliwa, kilichowekwa ndani ya boksi na tajiri anayekusanya jozi za nadra, huishia kumeguka vilevile. Nilipata faraja kidogo: angalau changu kilitembea.

Nikaanza kutafuta badala. Madukani nilionyeshwa vya kopi, rangi zilezile lakini vigumu kama ubao. Kwenye mivumba nilirudi mara nyingi bila kuona vingine. Mwishowe mtoto wa baba mkubwa, aliyehamishiwa Marekani na familia yake, akanipigia simu. "Mdogo wangu," akasema, "ukichanga 160,000 nitamalizia mimi, nitakutumia vipya." Shilingi 160,000 ndiyo akiba yote niliyokuwa nayo kutokana na kupiga chapa na kutoa kopi kwenye duka moja karibu na chuo.

Katika siku hizo nilipoteza kapelo yangu ndani ya taksi, na tukio hilo dogo likanifungua macho. Nimewahi kuwa na kapelo tano. Zote nimezipoteza au kuwapa watu, na sijawahi kuomboleza hata moja. Kapelo kazi yake ni jua. Ikipotea, nyingine inafanya kazi ileile, na jambo limekwisha. Kwa nini basi kiatu kisiwe hivyo? Soli ya kiatu chochote hufanya kazi ya soli.

Jibu nililolipata ni hili. Vitu vingi nilivyokulia navyo nilipewa. Blanketi tulipewa, sufuria tulipewa, kiwanja tulionyeshwa, na hata kundi letu la posho tuliambiwa. Sishukuru kidogo, bila hivyo tusingeishi. Lakini viatu vile vilikuwa kitu cha kwanza nilichokichagua mwenyewe, kwa jasho langu, kutoka katika rundo zima. Nilichokuwa nikikitafuta kwa kaka yangu wa Marekani ilikuwa siku ile ya robota, na siku haina jozi ya pili. Vipya vingekuja na kisigino kisicholika.

Wiki hiyohiyo mama akapiga simu. Mdogo wangu wa kike alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Deni la ada lilikuwa 120,000. Mama hakuniomba. Alinipa habari tu, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Jioni nikatuma ada.

Wenzangu wa bwenini walinisifu kwa kuacha upuuzi. Sifa hiyo iliniuma, na maumivu hayo ndiyo jibu la insha hii. Kama viatu vile vilikuwa upuuzi, basi sikutoa kitu. Nilitupa takataka tu. Anayesema maskini hapaswi kupenda kitu kizuri anamnyang'anya zaidi ya kile kitu. Anamnyang'anya uwezo wa kutoa, kwa maana hakuna sadaka pasipo kupenda. Mdogo wangu hakusomeshwa kwa fedha ya upuuzi. Alisomeshwa kwa fedha ya kitu nilichokitaka kwelikweli, na nataka ajue hivyo.

Kwa hiyo najibu: ndiyo, maskini ana haki ya kupenda kiatu. Haki hiyo haimpi ruhusa ya kukiweka mbele ya ada au chakula cha nyumbani. Hapo Epictetus yuko sahihi, ni lazima pawe na pa kusimama. Ila mahali hapo achague mwenyewe, asiwekewe na mtu anayemtazama miguuni. Wazee husema mtu ni utu. Utu wenyewe sehemu yake ni kuchagua, na sehemu yake nyingine ni kuacha ulichokichagua.

Katika ile 40,000 iliyobaki nilinunua mivumba ya viatu vyeusi vya ngozi kwa 25,000 na kapelo kwa 5,000, nikabaki na nauli ya kwenda nyumbani. Mama aliitazama kapelo akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia ni jina la shule moja ya Marekani ambayo siijui. "Basi ivae vizuri," akasema. "Usiigeuze nyuma."

Akija tena yule mgeni wa daftari, sitavua kitu. Nitamkaribisha kiti, na akiniuliza habari za viatu nitamtajia bei.