Udhu wa Ukuta

Masika yakishapita, kuta za Mji Mkongwe wa Unguja hubadilika sura. Chini, usawa wa baraza, ukuta huwa wa kijani. Juu, maji ya paa yanapochuruzika, hushuka michirizi myeusi ya kuvu. Na katika ufa ambao mwaka jana haukuonekana huchipua mche wa mtini ambao mbegu yake ililetwa na ndege. Mtu anayetoa fedha na jasho kusugua na kupaka chokaa upande huo wa nje, ambao hutazamwa zaidi na wapita njia kuliko na yeye mwenyewe, anatenda jema au anajipamba tu? Wapo wacha Mungu wanaoamini kwa dhati kwamba dini inataka mahali pa kuswalia pawe safi, na kwamba nje ni mambo ya dunia. Naona wamekosea, na kosa lao linaanzia kwenye kutojua ukuta unavyofanya kazi.

Ukuta wa kale wa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Mawe hayo yana vitundu na chumvi. Hunywa maji ya mvua na ya ardhini, na hewa nzito ya bahari haiwahi kuyakausha. Chokaa iliyochomwa tanuuni, ikazimuliwa na kuachwa ilowe, huuacha unyevu huo utoke kama mvuke. Kwa ukali wake huua kuvu, na ikishapakwa hunyonya hewa, ikarudi polepole kuwa jiwe. Ila hailindi kwa kudumu, hulinda kwa kuliwa: mvua na chumvi huila yenyewe badala ya jiwe, na ndiyo maana hurudiwa. Hakuna anayeulaumu udhu kwa kuwa hutenguka. Anayepiga lipu ya saruji juu ya matumbawe mara nyingi anatafuta kazi iishe leo asiirudie tena. Saruji huziba. Maji yaliyopenya kwa ufa mdogo, au yaliyopanda kutoka msingini, hukosa pa kutokea, yakazifuata ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani, nazo zikaoza pasipo mtu kuona. Nje nyumba inang'aa kama mpya. Ndani sakafu ya ghorofa imebebwa na boriti iliyogeuka unga. (Nyumba za matofali ya saruji huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, zina hesabu yake, lipu ya saruji haizidhuru hivyo.) Mimi naliona hilo kuwa zaidi ya kosa la ufundi. Ni tamaa ya kuachiwa huru na wajibu, na tamaa hiyo dini yoyote yenye ibada za kila siku inaijua vizuri.

Hoja nzito kabisa dhidi yangu inatoka kwa sahaba Khabbab bin al-Aratt. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba alisema Muislamu hulipwa kwa kila anachokitoa, isipokuwa anachokitia katika udongo. Wanaoitumia habari hii kuibeza chokaa huruka mwanzo wake: Khabbab aliyasema hayo akiwa anajenga ukuta wake. Ibn Hajar, aliyeisherehesha Bukhari, aliyachukua kuwa yanahusu ujenzi unaopita haja. Na hapo ndipo kujenga na kutunza vinapoachana njia. Ria hupenda kujenga: kuongeza ghorofa, kuchonga mlango, kuandika jina juu ya mlango. Nani amewahi kusifiwa mtaani kwa mtini alioung'oa ungali na majani mawili? Matunzo yakifaulu, hakuna kinachotokea, wala hakuna cha kuonyesha wageni. Methali ya kuziba ufa, kwa heshima zake zote, ni ya mhasibu: inatutisha kwa gharama ya ukuta mpya. Sura ya al-Kahf inakwenda mbali zaidi. Musa na mwenzake wanafika mji uliowanyima chakula, wanakuta ukuta unaotaka kuanguka, na mwenzake anausimamisha bure. Musa anashangaa kwa nini hakudai ujira. Jibu ni kwamba chini yake kuna hazina ya mayatima wawili ambao bado hawajakua. Aliyetengeneza hakuwa mwenye nyumba wala mrithi.

Wengine hukimbilia kadari: kila kitu kitaangamia, tunashindana na nani? Kwa hoja hiyo hata kuoga kungekuwa uasi. Tena ukuta hauangamii peke yake. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakafa. Sitadai kwamba jengo kubwa kama lile liliangushwa na kuvu. Nasema tu kwamba upande wa nje wa nyumba ni dari ya mtu mwingine, awe mpangaji, fundi au muuza kahawa aliye kivulini.

Unabaki umaskini, na huu si kisingizio. Chokaa nzuri ina bei, mafundi wanaoijua si wengi, na tanuu hula kuni. Mwenye kula kwa shida hadaiwi rangi nyeupe. Kung'oa mche na kuzibua mfereji wa paa hakuna bei, na pengine kunaokoa boriti nyingi kuliko rangi. Lakini umaskini haumhusu mwenye kupokea kodi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu, na mafakihi walikwishapanga foleni ya mapato ya wakfu: kwanza matengenezo ya nyumba yenyewe, halafu msikiti, jamaa au maskini waliotajwa katika hati. Hao hugawana kinachobaki baada ya chokaa.