Mkuu wa Chuo cha Watoto Naye ni Mwanafunzi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, khasa nyinyi maustadhi na maalima mlioshika uongozi wa vyuo na shule za chekechea katika miji yetu ya pwani: maneno yetu ya leo twayaelekeza kwenu, lakini yatuhusu sisi kabla ya kuwahusu nyinyi. Kwani sisi wa halaka hii tuna chuo kidogo tukisimamiacho, na sababu ya kuandika ni aibu iliyotupata humo.

Mtoto wa kike wa miaka minne aliacha kuja chuoni. Mama yake alitueleza kuwa kila asubuhi, akishavishwa mtandio wake, hulia na kushika nguzo ya kitanda asitoke. Tulipochungua, tuliona kuwa hakupigwa. Lakini alikuwa akikemewa na kuchekwa mbele ya wenziwe kila akosapo herufi. Mwalimu wake ni kijana mwenye ikhlasi, ila hakuna aliyemwonesha njia nyingine. Na mkuu wa chuo, ambaye ni sisi tuliomweka, alikuwa hajaketi katika darasa la wadogo kwa miezi mingi. Tulipomwuliza alitujibu: “Nimefundisha miaka ishirini, sina jipya la kujifunza.” Nasi tulioketi pale tulijua kuwa hata sisi hatukuwahi kumwuliza kabla ya siku ile.

Enyi ndugu, neno hilo ndilo khatari. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi mkuu wa chuo ataulizwa juu ya kila mtoto aliyepita mlangoni mwake, na juu ya kila mwalimu aliyemkabidhi mtoto huyo. Na mtu hawezi kuchunga amana kubwa kama hii ila kwa mazoea mema anayoyashika kila siku. Sisi twataja manne.

La kwanza ni kutafuta ilimu bila ya kuona haya. Nabii Musa, alayhi ssalaam, aliulizwa ni nani aliye na ilimu zaidi katika watu, akajitaja mwenyewe. Mwenyezi Mungu akamtia adabu kwa jambo hilo, akamjulisha kuwa yuko mja mwengine mwenye ilimu asiyokuwa nayo yeye. Musa hakukasirika. Alifunga safari ndefu mpaka kwenye makutano ya bahari mbili, akamwomba mja yule amfuate ili apate kufundishwa. Ikiwa Nabii amefanya hivyo, mkuu wa chuo ataonaje uzito kuhudhuria mafunzo ya siku tatu?

Na mambo ya kujifunza ni mengi. Tangu mwaka 2017 nchi yetu imeanzisha mtaala mpya, na watoto wa miaka minne na mitano wamewekewa madarasa mawili ya kabla ya shule ya msingi. Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya elimu ya wadogo hawa na vituo vya kuwalelea. Mkuu asiyeyajua haya atawaongozaje walimu wake? Wala tusiseme kuwa kuchanganya ilimu ya dini na ulezi wa kisasa ni jambo geni. Hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, wazee wetu waliona watoto wa Kiislamu wakiingia shuleni wakiwa nyuma, wakataka msaada, na kukaanzishwa mpango wa chekechea za madrasa, ulioenea baadaye Zanzibar na Uganda. Waliofundishwa ni wanawake wa mitaani mwetu, na vifaa vyao vilikuwa vifuu, kokoto, makombe ya pwani na mbegu. Mwenye nia ya kujifunza hakosi chombo.

La pili ni kujihesabu. Sayyidna Umar, radhiya Llahu anhu, aliwausia watu wajihesabu nafsi zao kabla ya kuhesabiwa. Wafanya biashara wetu wayajua haya: hakuna afungaye duka usiku bila ya kutazama daftari lake. Basi mkuu naye, baada ya sala ya Isha, na ajiulize: Leo nimemwita mtoto gani kwa jina lake? Ni nani aliyekosekana, nami nimeuliza khabari zake? Nimemkemea mwalimu gani mbele ya watu? Ni fedha gani iliyoingia, na imeandikwa? Mwenye kuandika majawabu matatu au manne kila usiku ataona, mwezi ukimalizika, ni kosa lipi analolirejea. Lau mkuu wetu angalijiuliza juu ya waliokosekana, na lau sisi tungalimwuliza, yule mtoto asingalikaa nyumbani majuma mawili bila ya sisi kujua.

La tatu ni kuketi chini pamoja na watoto. Mtume wetu aliifupisha sala aliposikia kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Na kijana mdogo alipofiwa na ndege wake, Mtume alimsemesha juu ya ndege huyo. Huyo ndiye kiongozi wa umma mzima, na bado alikuwa na wakati wa ndege wa mtoto. Imam Ghazali ameusia kuwa mtoto aachwe acheze baada ya masomo, kwani kumnyima mchezo huuua moyo wake. Na Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 1406, ameeleza kuwa ukali humdhuru mwanafunzi, na mdogo zaidi: humtia uvivu, na humzoesha uwongo na unafiki kwa kuuogopa mkono utakaompiga. Leo Katiba yetu na Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 zimekataza kumpiga mwanafunzi. Lakini wanavyuoni wetu walikwisha kutuonya karne nyingi kabla ya sheria hizo.

Watu wetu hupenda kusema: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki mbichi hukunjika kwa kuwa ni laini, si kwa kuwa amepigwa.

La nne ni shauri. Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake ashauriane na masahaba, na akabainisha kuwa lau angalikuwa mkali mwenye moyo mgumu wangalimkimbia. Basi mkuu na akutane na walimu wake kila juma, hata kwa nusu saa. Asikilize kwanza, kisha ndipo aseme. Atembelee vyuo vya wenziwe, aone, aige lililo jema. Awaite wazazi kabla ya matata, si baada yake. Na akichoka aseme kuwa amechoka, kwani mwili nao una haki juu yetu, na hasira nyingi za asubuhi ni uchovu wa jana.

Nasi wenye kamati na wazazi tusijitoe katika lawama. Twamtaka mkuu awe na ilimu, na hatumlipii nauli ya kwenda kuitafuta. Twatoa maelfu kwa maulidi ya harusi, na mshahara wa maalima tunauchelewesha miezi miwili. Hiyo ni dhulma, na dhulma hii huishia juu ya kichwa cha mtoto.

Mkuu wetu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikwenda kwa mama wa mtoto yule yeye mwenyewe pamoja na mwalimu, wakaomba radhi. Mtoto amerudi. Mpaka leo huketi karibu na mlango, akitazama nje. Na mkuu sasa huketi karibu naye, juu ya mkeka, kila asubuhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, atulainishe nyoyo zetu kwa wadogo, na asitufanye kuwa sababu ya mtoto kuichukia nyumba ya kusomea Kitabu chake. Amin.