Mgeni Apewe Jembe



Wazee walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hili twalitumia kumkaripia mgeni mvivu. Leo tujiulize: je, sisi wenyeji twakubali kulitoa jembe hilo?

Mji wetu wa Kindu si wa kabila moja. Ulikua kando ya mto Lualaba, mahali inapokoma reli itokayo Kongolo. Reli ilileta wafanyakazi, soko likaleta wachuuzi, na vita vya miaka 1996 hadi 2003 vikaleta wakimbizi wa vijijini. Hata Kiswahili tunachojivunia kilifika Maniema katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanya biashara wa pwani. Nacho kilikuwa mgeni.

Sasa naungama kosa langu. Mama mmoja alifika kwetu kutoka Kasai, baada ya mapigano ya miaka 2016 na 2017, akaomba mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Siku ya mtihani nilimwuliza maswali ya katekisimu kwa Kiswahili. Alijaribu kujibu, maneno yakamkwama. Wenzake wakacheka, nami sikuwakataza. Mbele ya jina lake niliandika: hajui. Jumapili iliyofuata hakuonekana.

Dhamiri ilinisumbua. Nilikwenda nyumbani kwake pamoja na mzee mmoja wa reli ajuaye Kiluba cha Kasai, akamwuliza maswali yale yale. Mama alijibu yote, bila kusita. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, je, Mungu hasikii Kiluba?” Sikuwa na jibu ila kuomba radhi. Ilinipasa kurudi mara tatu kabla hajakubali kuketi tena pamoja nasi.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Someni sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Huko Yerusalemu wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, manung’uniko yakazuka. Mitume hawakuwaambia wajifunze kwanza lugha ya wenyeji. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuihudumia meza. Na majina ya hao saba yote ni ya Kigiriki. Mmoja wao, Nikolao, alikuwa mtu wa Antiokia aliyeingia dini ya Kiyahudi. Basi, hawakuongezewa chakula tu. Walipewa na kazi. Ndilo jembe lenyewe.

Mgeni naye ana wajibu wake: ajifunze lugha ya mji, awaheshimu wazee, asijifungie na watu wa kwao tu. Lakini nani atajifunza kusema mahali anapochekwa kila afunguapo kinywa?

Kwa hiyo tuazimie mambo matatu. Wazazi, wakatazeni watoto kudhihaki matamshi ya wenzao. Viongozi wa mashirika, mpeni mgeni zamu ya kuongoza sala na kutembelea wagonjwa, wala msimwachie kufagia tu. Nasi makatekista, kabla ya kuandika “hajui”, tutafute kwanza mtu wa kututafsiria.

Bwana wetu Yezu Kristu, alipokuwa mtoto, alikimbiziwa Misri, akaishi kati ya watu wa lugha nyingine. Atusaidie kumtambua katika jirani aliyefika jana. Amina.