Inua Nyanya ya Juu

Mjukuu wangu,

Juzi ulinipa simu yako nisome ulichoandika juu ya yule mkubwa wa wizara, ukasubiri nikusifu. Nikanyamaza, nawe ukadhani sikuelewa. Nilielewa vizuri. Macho yamechoka, lakini yalipanga herufi za risasi miaka mingi katika kiwanda cha uchapaji, yanajua kusoma hata kinyumenyume. Kilichonifunga mdomo ni neno moja, "inasemekana". Nililihesabu. Limo mara sita.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya nyumba yetu tangu babu yangu alipokuja huku na reli kutoka Mombasa. Hapa Kampala wengi wa rika langu waliisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari. Basi leo na itumike kwa wema.

Asubuhi nilishuka sokoni Nakasero kununua nyanya. Unajua zinavyopangwa: mafungu juu ya gunia, nne chini na moja juu, na ile ya juu inang'aa kama imepakwa mafuta. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja, hakuuliza hata bei. Aliinua ya juu akaiweka pembeni, akazibonyeza za chini kwa kidole gumba, moja moja. Ya tatu ikabonyea. Mama hakutukana wala hakupaza sauti. Alimtazama tu muuzaji. Muuzaji mwenyewe akaitoa ile mbovu, akaweka nzima. Nikakukumbuka wewe na "inasemekana" zako sita.

Usidhani nataka unyamaze. Walionyamaza nimewazika pia. Wala usidhani ninyi ndio wa kwanza kusema ukweli katika mji huu. Zamani uvumi wa siasa tuliuita Radio Katwe, kwa jina la ule mtaa wa mafundi. Redio isiyo na mtambo wala mtangazaji, na bado mji mzima uliisikiliza. Baadaye watu wakaanzisha tovuti wakaipa jina hilohilo. Ikafungiwa Februari 2006, siku chache kabla ya uchaguzi. Zilikuwapo pia ebimeeza, mijadala ya hadhara, watu wameketi kwenye meza pale Club Obbligato, bia mbele yao, wanaisema serikali moja kwa moja redioni. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizotokana na safari ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenda Kayunga, zikapigwa marufuku. Mkahamia kwenye blogu na Facebook. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 mitandao ya kijamii ikazimwa. Julai 2018 mkatozwa shilingi 200 kwa siku ili mwingie mitandaoni. Januari 2021, usiku wa kuamkia kura, intaneti nzima ikakatwa kwa siku kadhaa, na Facebook ikawa imefungwa hata kabla ya hapo. Kila mara nimeona watu wakitafuta upenyo. Leo hata muuza ndizi anajua VPN ni nini.

Kwa hiyo wafungaji hawanitishi sana, nimewazoea. Ninachokiogopa kiko upande wetu.

Panda kilima hiki hiki cha Nakasero, upande wa juu, kwenye miti mikubwa na kuta ndefu. Wakati wa Amin ndiko ilikokuwa State Research Bureau, idara yake ya ujasusi, jirani na makazi ya rais. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoingia mjini, watu walikuta ndani ya jengo hilo maiti, na karatasi zimetapakaa. Mimi hukumbuka karatasi kuliko yote. Wengi walioingizwa mle hawakuingia kwa kosa lililothibitishwa. Waliingia kwa mnong'ono: fulani kasema fulani ni adui. Aliyesema hakutajwa, wala hakuna aliyemwuliza ameyajuaje. Inasemekana.

Sasa nikueleze langu, ambalo hata bibi yako sikumwambia lote. Miaka ya 1980 nilipanga herufi katika gazeti dogo ambalo limeshakufa. Ikaja habari kwamba mwenye duka mmoja alikuwa mpasha habari wa nyumba ile ya kilimani. Mwandishi aliisikia baa. Niliona haina mwenyewe, lakini saa zilikuwa zimekwenda na ukurasa una nafasi tupu. Nikaipanga, kwa vidole hivi. Wiki iliyofuata majirani hawakununua kwake hata chumvi. Mwezi haukuisha akafunga, akapanda basi na watoto. Baadaye tukajua ni mtu mwingine, wamefanana jina. Tukasahihisha kwa mistari mitatu, chini kabisa, kando ya matangazo ya vifo. Nilikwenda kutazama lile duka. Kufuli lilikuwa bado jipya.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yule mwenye duka hakupelekwa kilimani na askari. Tulimpeleka sisi, tuliojiita watetezi wa wanyonge.

Utaniambia: jajja, wao wana bunduki na magereza, sisi tuna nini zaidi ya tusi? Ni hoja, na ina nasaba ndefu. Mwaka 1948 mwanaharakati Semakula Mulumba, akiwa London, alialikwa chakula na askofu wa Uganda, akajibu kwa barua ndefu ya kejeli iliyosambazwa hadi huku. Tena msomi Stella Nyanzi alihukumiwa hapa Mahakama ya Buganda Road, Agosti 2019, miezi 18, kwa shairi la Facebook. Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020. Alisema kwa jina lake na akalala gereza la Luzira kwa jina lake. Siwezi kumbeza mtu wa namna hiyo. Ila jiulize wewe: ukishatukana, yule mkubwa amelazimika kujibu nini?

Utaniambia pia kwamba jina halisi ni hatari. Kweli. Mwaka 2015 Robert Shaka alikamatwa akidaiwa kuwa ndiye Tom Voltaire Okwalinga, yule aliyeisumbua serikali kwa jina la mtandaoni. Lakini angalia alichofanya Shaka. Yeye na Andrew Karamagi walikipeleka kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, mbele ya Mahakama ya Katiba. Ilichukua miaka. Januari 2023 majaji wakakifuta. Kabla yao mwandishi wa habari Andrew Mwenda alipigana hivyo hivyo mpaka kosa la uchochezi likafutwa mwaka 2010. Karatasi kwa karatasi, hoja kwa hoja, kama yule mama na kidole gumba chake.

Kwa hiyo, mwanangu, ficha jina ukilazimika, lakini usifiche ushahidi. Kama una hati ya zabuni, iweke watu waione. Kama kuna tarehe, itaje. Mpigie yule unayemtuhumu kabla hujachapisha. Akikataa kusema, andika kwamba amekataa. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, sahihisha palepale juu uliposhutumu, kwa herufi zilezile kubwa. Usimpeleke mtu kando ya matangazo ya vifo.

Najua utachelewa, na wengine watakutangulia na kupata wasomaji wengi kuliko wewe. Waache. Mimi nilifika kwa wakati siku ile, na ukurasa ulijaa.

Njoo Jumamosi. Leta ile habari ya wizara, nami nitaandaa chai. Tutaanza na "inasemekana" ya kwanza, na swali langu litakuwa moja: nani kasema?