Mfumo Hautasimama Hukumuni

Tubuni, enyi mnaouza mifumo kisha mkazima simu! Tubuni, nanyi mnaokaa nyuma ya kioo mkamwambia mama aliyeacha nyanya zake juani, "Mtandao unasumbua, pita kesho," huku kidole chenu kinapekua simu ambayo mtandao wake hausumbui hata kidogo! Kama ulitarajia maneno laini, funga ukurasa huu sasa hivi. Leo sina.

Wapendwa, kisingizio kimeota mizizi kati yetu na kinazaa matunda. Hela imekatwa kwenye akaunti na muuzaji hajaipata: mfumo. Umelipia umeme, tokeni haijaja, samaki wanaharibika kwenye friza: mfumo. Mashine ya risiti imegoma na mteja anawahi basi la Morogoro: mfumo. Mambo ya Walawi sura ya 16 inaeleza habari za yule mbuzi aliyebebeshwa dhambi za taifa zima akapelekwa jangwani mara moja kwa mwaka. Sisi tumempata wetu, tunambebesha kila siku ya kazi, na jangwani hatumpeleki. Anabaki pale pale kaunta ili kesho tumbebeshe tena.

Nawauliza: mfumo una mama? Una dini? Umesajiliwa NIDA? Mfumo umeandikwa na mtu aliyelipwa, umeuzwa na mtu aliyepata kamisheni, umenunuliwa na mtu aliyesaini, na unatunzwa na mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Watu wanne, na wote wana majina. Dhambi ninayoihubiri ni ya hao wanne kujificha nyuma ya kitu kisichojua kuona aibu.

Mtaniambia hayo ni madogo, shida za elfu mbili na elfu tano. Basi twendeni Uingereza mkaone madogo yanavyokua.

Mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi ile lilianza kusambaza kwenye matawi yake mfumo wa mahesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi ya posta kule yanaendeshwa na watu wa kawaida wenye maduka vijijini, karibu sawa na wakala wetu wa fedha mwenye meza na mwavuli. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na Posta ikawadai wale wenye maduka waufidie kutoka mfukoni.

Jo Hamilton alikuwa na duka na posta katika kijiji cha South Warnborough, Hampshire. Siku moja skrini ilimwonyesha amepungukiwa paundi 2,000 hivi. Akapiga simu ya msaada. Akaelekezwa: bonyeza hiki, sasa bonyeza kile. Akatii, na upungufu ukaongezeka mara mbili mbele ya macho yake. Someni tena, wapendwa! Mtu kapiga simu kuomba msaada, na simu ikamzidishia deni. Nyumba yake akaiweka rehani alipe fedha ambazo hakuiba. Kisha akakiri mahakamani kosa la hesabu za uongo ili akwepe kufungwa kwa wizi. Mwenzake, Seema Misra, hakukwepa: mwaka 2010 alipelekwa jela akiwa mjamzito.

Na wengi wao, kila walipolalamika, walijibiwa jambo moja: tatizo hili ni lako wewe tu. Wewe tu! Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani katika miaka ile, na mmoja mmoja aliaminishwa kwamba yuko peke yake katika nchi nzima. Hapa ndipo nataka mkae. Mara ngapi na wewe umeulizwa, "Mbona wenzako hawalalamiki?" Ukanywea. Ukaona labda ni simu yako, labda ni vidole vyako, labda ni ushamba wako. Ukatoka na hasara yako kichwa chini, na mlangoni ukapishana na mwenzako anayeingia kulalamikia jambo lile lile, wala hamkusalimiana.

Mahakama nazo? Sheria ya mwaka ule ule wa 1999 iliondoa sharti la mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Ikabaki dhana kuwa mashine ni sahihi hadi anayeipinga alete ushahidi. Sasa muuza duka wa kijijini angeutoa wapi ushahidi uliofungiwa ndani ya mitambo ya kampuni kubwa? Mashine isiyoapa ikaaminiwa kuliko mtu aliyeapa.

Aliyekataa kunywea ni Alan Bates, mwenye posta ndogo huko Llandudno, Wales, aliyevunjiwa mkataba mwaka 2003. Alitafuta wenzake mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji, hadi watu 555 wakafika Mahakama Kuu. Desemba 2019 Jaji Peter Fraser akaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro. Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia zile kwa mkupuo. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Julai 2025 ikaeleza kwamba watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu ya sakata hilo. Mfumo haukuhudhuria mazishi hata moja.

Rudini nyumbani sasa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inamkataza mfanyabiashara kubeba mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Nabii Amosi aliwafokea waliopunguza kipimo na kupandisha bei. Ndugu zetu Waislamu wana sura nzima, ya 83, inayobeba jina la wapunjao. Na serikali, ambayo haihubiri, inamtuma mkaguzi wa Wakala wa Vipimo aende buchani akauhakiki mzani na kuubandika stika. Muuza nyama tumemdhibiti. Lakini ile programu ya mauzo inayokuhesabia hela yako yote, nani amekuhakikia?

Mtazameni kijana anavyokuja dukani. Shati limepigwa pasi, kompyuta mpakato iko begani. "Bosi, ukifunga mfumo huu utaona mauzo yako hata ukiwa Dubai." Wiki hiyo anakupigia asubuhi na jioni. Hela ikishapokewa, bidhaa zako anaziingiza yeye, neno la siri la msimamizi analiweka yeye, wewe anakupa lile la mhudumu, na hukujua kuna tofauti. Mwaka unapita. Ada ya leseni inapanda bila maelezo. Unapiga simu, haipokelewi. Halafu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka limefurika, skrini inageuka nyekundu: muda wa matumizi umekwisha. Na humo ndimo yalimo madeni yako yote. Nani alichukua mifuko 40 ya saruji, nani amelipa nusu, nani aliahidi baada ya mavuno. Mali ni yako, wadaiwa ni wako, jasho ni lako, na ufunguo anao mtu ambaye simu yake haipatikani. Huyo tusimwite mfanyabiashara. Huyo ni mteka nyara!

Sisemi turudi kwenye kaunta buku. Kaunta buku ililiwa na panya, ililoa mvua, na shemeji alichana kurasa zenye deni lake. Hata kanisani siku hizi sadaka inapokewa kwa simu, na mhasibu anashukuru. Ninachokataa ni kuuziwa wepesi na kukabidhiwa utumwa.

Na ile huduma kwa wateja! Bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza nyota. Muziki. "Simu yako ni muhimu sana kwetu." Muziki tena, ule ule, na dukani wateja wanne wameshakukimbia. "Mazungumzo haya yanarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma." Wanakurekodi wewe uliyedhulumiwa, na siku ukihitaji ushahidi wa walichokuahidi, rekodi hiyo huisikii. Mwishoni unapewa namba ya malalamiko ndefu kama reli na unaambiwa subiri saa 72. Zikipita, unapiga tena, anapokea mwingine, na unaanza upya tangu Mwanzo sura ya kwanza.

Najua si kila kitu ni kosa la mtu. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikajikuta inatambaa. Hakuna fundi wa Kariakoo ambaye angeweza kuzuia hilo. Kwa bahari simlaumu mtu. Namlaumu anayejua kilichoharibika na akanyamaza, akawaacha watu wakizima simu na kuwasha, wakitoa laini na kuirudisha, wakidhani kosa ni lao. Ijumaa ya Julai 19 mwaka huo huo kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho bovu, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zikaanguka, ndege zikakwama viwanjani duniani kote. Mkuu wake, George Kurtz, alisema siku hiyo hiyo kwamba hilo halikuwa shambulio la wadukuzi, kosa lilikuwa kwenye sasisho lao, na akaomba radhi. Simvishi taji, hasara iliwaangukia watu ambao hata jina la kampuni yake hawakulijua. Lakini alijitokeza mtu mwenye jina na uso akasema kosa ni letu. Kwetu hata hilo ni muujiza.

Wakuu wa ofisi, msijifiche nyuma ya mafundi. Nyinyi ndio mliosaini. Mlichagua kwa bei, au kwa undugu, au kwa bahasha, na mfumo wenyewe hamjawahi kuutumia kwa mikono yenu. Shukeni! Kaeni kaunta siku nzima ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa hadi barabarani, muone kile kidude cha kusubiri kinavyozunguka kwenye skrini huku mzee wa pensheni amesimama kwa mguu mmoja. Halafu mkirudi juu, andikeni kwenye mkataba: nani anapokea simu usiku, ndani ya muda gani, na siku tukiachana taarifa zetu tunarudishiwa zote, katika hali tunayoweza kuisoma bila muuzaji. Muuzaji atakayekataa kifungu hicho, mwacheni aondoke na shati lake.

Wateja, nanyi sijawaacha. Yule binti wa kaunta mnayemtukana hakuuandika mfumo, hakuununua, wala hana uwezo wa kuurekebisha. Amewekwa pale apokee matusi yenu ili bosi wake ale chakula cha mchana kwa amani. Mwacheni. Nawe binti, ukiwa hujui, sema hujui, kisha andika jina la mteja na namba yake, umpigie wewe kabla hajakupigia yeye. Utakuwa umetenda haki kuliko jengo zima lililo juu yako.

Acheni kunung'unika kwenye daladala, andikeni! Hela ikikatwa, piga picha ya skrini pale pale, yenye saa na namba ya muamala. Uliza jina la aliyekupokea. Omba jibu la maandishi. Anza na kampuni yenyewe; ikikuzungusha, kwa mawasiliano TCRA ipo, na kwa fedha Benki Kuu inapokea malalamiko. Wote watakuuliza ushahidi, na hasira si ushahidi. Na kabla hujalala, muulize jirani yako wa duka la pili kama naye limempata. Posta ya Uingereza iliwashinda watu wale kwa miaka mingi kwa sababu hawakujuana. Mkiwa kumi kwenye karatasi moja, lile swali la "mbona wenzako hawalalamiki" linakufa mdomoni mwa anayeliuliza.

Na wewe kijana wa shati la pasi, unayesoma haya huku umeshikilia neno la siri la duka la mtu mwingine: ada yako kama ni halali, idai kwa barua, idai hata mahakamani. Lakini daftari lake mrudishie. Mpigie leo, kabla hajafunga duka, umtajie neno hilo herufi kwa herufi, na usikate simu hadi akuambie limefunguka.