Makunyanzi ya Pembe za Macho

Mji wa Kitengela, ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, una maduka mengi ya kusuka nywele na kuuza mafuta ya uso. Ukiifuata barabara iyo hiyo utafika Kajiado, ambako mtoto wa Kimaasai angali humwendea mtu mzima, akainamisha kichwa, naye mkubwa akamgusa utosini. Yamkini mama mmoja hupokea salamu hiyo asubuhi, na alasiri hununua kopo la mafuta ya kufuta makunyanzi ya macho. Je, msomaji, mama huyo ni mwongo?

Yafaa tulijue jambo kabla ya kulihukumu. Ngozi izungukayo macho ni nyembamba kuliko ngozi nyingine ya mwili. Jua huichosha, na jua la Kajiado si la mzaha. Nasi huikunja kila siku kwa kucheka na kukaza macho. Kofia pana husaidia. Mafuta yenye asili ya vitamini A hupunguza mikunjo polepole, na ngozi ya kope iliyolegea huweza kukatwa na daktari. Tena iko sindano. Mwaka 1987, mjini Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akitibu kope zilizofumba bila hiari ya wagonjwa, kwa kutumia kiasi kidogo mno cha sumu ya kijidudu kiharibucho chakula. Mgonjwa mmoja akafurahi kuona kipaji chake kimekuwa shwari. Marekani iliruhusu sindano hiyo kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002, na kwa pembe za macho mwaka 2013. Hulegeza musuli kwa miezi mitatu au minne, kisha fedha hutolewa tena.

Wako wasemao kwamba huu ni udanganyifu. Mimi sikubali. Wanja umepakwa machoni huko pwani tangu zama za mababu, wala hakuna aliyeshtaki kwamba amedanganywa. Uongo huhitaji mtu mwenye haki ya kuambiwa kweli. Nani basi ana haki ya kuihesabu miaka ya mama wa watu usoni pake?

Linisumbualo ni jambo jingine. Mwaka 1862 tabibu wa Ufaransa, Guillaume Duchenne, alieleza kwamba mdomo waweza kuamriwa utabasamu, bali musuli uzungukao jicho huitikia furaha ya kweli. Musuli huo ndio ufanyao makunyanzi ya pembeni, na ndio ulegezwao na sindano. Mtu aweza kununua ujana, akapunguziwa sehemu ya kicheko chake. Hiyo ni bei, wala haiandikwi dukani.

Na kwa nini ailipe? Wamaasai wana sherehe iitwayo Olng'esherr, impandishayo moran kuwa mzee. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika pamoja na Enkipaata na Eunoto miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni fahari kubwa mtu kuvishwa umri kama cheo. Lakini angalia: sherehe hizo tatu ni za wanaume. Kadhalika katika ofisi za mjini, mwanamume mwenye mikunjo husemwa ana busara. Mwanamke mwenye mikunjo iyo hiyo huulizwa kama amechoka. Anayeuliza hivyo ndiye wa kuhojiwa kabla ya anunuaye kopo.

Wewe uliye kidato cha pili huna makunyanzi bado, lakini una ulimi, na nyumbani yuko mtu ajitazamaye kiooni. Akikuuliza kama amezeeka, usimcheke, wala usimwambie kwamba hajazeeka ikiwa amezeeka. Akiazimia kutibiwa, fedha ni zake na uso ni wake. Msaidie kuuliza kama daktari yule amesajiliwa, na kusoma kilichoandikwa juu ya kopo. Kopo lisilosema lina nini ndani, au lenye zebaki, ambayo hudhuru mafigo, lisikaribie macho ya mtu yeyote.